Gongo la mianzi na ugumu wa aina nne

Mpelekee fundi seremala wa Arusha vipande viwili, kimoja cha mninga na kingine cha mwanzi, umuulize kipi kigumu zaidi. Fundi anayeijua kazi yake hatajibu papo hapo. Atakuuliza kwanza: kigumu kwa kazi gani? Kubeba mzigo bila kupinda? Kupokea nyundo bila kubonyea? Kukaa bila kupasuka ukipigilia msumari? Neno ni moja, kazi ni tofauti, na mti unaoshinda kwenye kazi moja unaweza kuwa wa mwisho kwenye nyingine.

Swali hilo ndilo lililo chini ya habari iliyotoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 2021: gongo la kriketi lilitengenezwa kwa mianzi, likapimwa, likaonekana kulipita gongo la kawaida la mbao ya wilo katika mambo kadhaa. Kazi hiyo ilifanywa na Darshil Shah, mwanasayansi wa malighafi ambaye ujanani aliichezea timu ya taifa ya Thailand ya vijana wa chini ya miaka 19, pamoja na Ben Tinkler-Davies. Ilivyosambaa, habari ilifupishwa sana: mianzi ni migumu kuliko wilo, ni ya bei nafuu na inakua haraka. Kuna ukweli ndani yake, lakini imekunjwa mno. Kwa msomaji wa Arusha au Moshi, ambako mianzi iko mtoni nyuma ya nyumba na karakana ziko kila mtaa, inafaa kukunjuliwa yote.

Kwa asiyeifuatilia kriketi, maelezo mafupi. Mrushaji hutupa mpira wa ngozi wenye uzito wa kati ya gramu 156 na 163 kuelekea vijiti vitatu, na mpigaji aliyesimama mbele ya vijiti huuzuia au kuupiga kwa gongo. Ubao wa gongo ni bapa mbele na una tuta mgongoni. Mpini ni wa henzirani: vipande kadhaa vilivyogandishwa pamoja, vikiwa na tabaka nyembamba za raba katikati, kisha ukachongwa kama V na kuingizwa kwenye ubao. Sheria zinataka gongo lisizidi urefu wa sm 96.52, upana wa sm 10.8 na unene wa sm 6.7, na kingo zisizidi sm 4. Uzito haukuwekewa kikomo. Anayeuwekea kikomo ni mkono wa mpigaji, na magongo mengi ya watu wazima huangukia kati ya kilo 1.1 na 1.4.

Neno moja, sifa nne

Wanaopima malighafi hutenganisha mambo ambayo sisi kwa mazoea tunayaita ugumu. La kwanza ni ukakamavu, yaani kukataa kupinda unapowekewa mzigo. La pili ni nguvu, yaani mzigo wa mwisho ambao kitu kinaubeba kabla hakijavunjika au kusagika. La tatu ni ugumu wa uso, yaani kukataa kubonyea. La nne ni ushupavu, yaani kiasi cha nishati ambacho kitu kinameza kabla ufa haujasafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Kioo cha dirisha ni kikakamavu na uso wake ni mgumu, lakini hakina ushupavu hata kidogo. Kokoto moja inatosha. Kandambili za tairi wanazovaa wachungaji wa Kimasai zina ushupavu wa ajabu, ila ukakamavu hazina, unazikunja kwa vidole viwili. Chaki ni kavu, haipindi, na inavunjika ukiiangusha. Ukishavitenganisha hivyo, utaona kwamba gongo la kriketi linadai zote nne kwa pamoja, na juu yake linadai kitu cha tano kinachozivuta zote nyuma: wepesi.

Mchezaji wa miaka mingi anazijua sifa hizi kwa viganja hata kama hana majina yake. Anajua gongo linalouma mikono, lile linalokufa katikati, lile linalopasuka kwenye ncha. Mtu aliyelishika gongo kiasi hicho kisha akajifunza kupima kila sifa peke yake anakuwa na faida ya kweli maabara: anajua ni namba ipi mpigaji ataisikia mkononi na ipi haitamgusa.

Kinachotokea ndani ya elfu moja ya sekunde

Mpira unakaa juu ya uso wa gongo kwa muda wa takriban elfu moja ya sekunde. Ndani ya muda huo unabonyea, gongo nalo linapinda kidogo, na wimbi la mtikisiko linaondoka mahali pa pigo kuelekea mpini. Sehemu kubwa ya nishati inayopotea inapotelea ndani ya mpira wenyewe, na mtengeneza gongo hawezi kufanya lolote juu ya hilo. Anachoweza kupunguza ni ile inayobaki ndani ya gongo kama mtikisiko.

Hapa ndipo ukakamavu unapoingia. Gongo laini linapinda polepole, na mpira unakuwa umeshaondoka kabla ubao haujarudi mahali pake. Nishati iliyotumika kuupinda ubao haiurudii mpira. Inabaki ikitikisa gongo, na mpigaji anaisikia kama kuumwa viganja. Gongo kakamavu linapinda kidogo na kurudi haraka, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya nishati inaondoka na mpira.

Kuna mahali kwenye ubao, kwa kawaida sentimita 15 hivi kutoka kwenye ncha ya chini, ambapo pigo haliamshi mtikisiko mkubwa. Tuseme ni mahali patamu pa gongo: mpira unaruka mbali na mikono haisikii kitu. Ukubwa wa mahali hapo na umbali wake kutoka kwenye ncha ni mambo mawili yanayoamua gongo linasamehe kiasi gani pale mpigaji anapokosea kidogo.

Kwa nini wilo

Wilo ni mti wa maeneo ya maji na baridi. Aina inayotumika kwa magongo inakuzwa zaidi Uingereza, na Kashmir kuna nyingine iliyo nzito zaidi. Mbao yake ni nyepesi, na ukiitazama kwa darubini unaona vyumba vikubwa vyenye kuta nyembamba. Kwa maelezo hayo ungesema haifai kitu. Kinachoiokoa ni kwamba inakubali kukandamizwa. Uso wa ubao hupitishwa chini ya rola zenye shinikizo kubwa, vile vyumba vya juu vinabanana na kuwa ngozi ngumu, na mbao ya ndani inabaki laini na nyepesi. Kwa hiyo gongo la wilo ni kitu cha tabaka mbili hata kama ni kipande kimoja cha mti: ngozi ngumu juu ya mwili mwepesi.

Ukandamizaji ukizidi, gongo linakufa, mpira hauruki. Ukipungua, uso unabonyea siku ya kwanza na nyuzi zinaanza kuchanika. Hata baada ya rola, mnunuzi hupaka mafuta ya kitani na kuligonga gongo kwa nyundo ya mbao kwa saa kadhaa, akianza taratibu na kuongeza nguvu, hasa kwenye kingo na ncha. Anayeiruka hatua hii hupoteza gongo jipya ndani ya wiki.

Tatizo la wilo ni upatikanaji. Mti unahitaji hadi miaka 15 kabla ya kukatwa, na kati ya asilimia 15 na 30 ya mbao yake hutupwa wakati wa kutengeneza gongo. Kwa nchi ambako kriketi inakua bila mti huo kuwepo, kila gongo zuri ni la kuagizwa, na gharama inamfikia kijana wa shule kabla hajaurusha mpira wake wa kwanza. Tanzania ni mojawapo: vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la umri huo la mwaka 2026, na wilo ya magongo si mti wa hapa.

Mwanzi ukiutazama kwa ndani

Mwanzi ni nyasi, ndugu wa mahindi na muwa. Umbo lake ni la bomba lenye vifundo, na ukuta wa bomba hilo haufanani kutoka nje hadi ndani. Nyuzi zimejaa upande wa nje, chini ya lile ganda linalong'aa, na zinapungua kadiri unavyoingia ndani, ambako kuna nyama laini zaidi. Ni mpangilio wa busara sana kwa mmea unaopigwa na upepo, kwa sababu upepo unapoukunja mwanzi, mzigo mkubwa unaangukia ukingo wa nje.

Nyuzi hizo zote zimelala kwa urefu. Mbao ya mti wa kawaida ina pia seli zinazokwenda kutoka moyoni kuelekea gome, zikiufunga mti kwa upande. Mwanzi hauna. Ndiyo maana panga moja likiingia kichwani mwa mwanzi unaweza kulisukuma hadi chini bila jasho, na ndiyo maana msumari unaupasua. Kwa ukakamavu na nguvu za kwenda kwa urefu, mwanzi ni bora. Kwa ushupavu wa kukatisha nyuzi, ni dhaifu.

Dawa ni kuuvunja na kuujenga upya. Mwanzi unapasuliwa kuwa vijiti, unarandwa, vijiti vinapakwa gundi na kubanwa pamoja hadi kuwa gogo la mraba. Ufa ukianza kwenye kijiti kimoja unakutana na mstari wa gundi na kijiti jirani ambacho nyuzi zake hazina udhaifu mahali pale pale. Timu ya Cambridge ilifanya hivyo, ikitaja mianzi ya aina ya Moso ya China na Guadua ya Amerika ya Kusini kuwa inafaa zaidi, kisha ikatumia darubini, picha za video, hesabu za kompyuta na majaribio ya kukandamiza na kutikisa ili kulinganisha na wilo.

Matokeo yao, sifa kwa sifa. Nguvu ya kubeba mkandamizo: mianzi iliyogandishwa iliizidi wilo zaidi ya mara tatu. Ukakamavu: ilizidi kwa asilimia 22. Ugumu wa uso: baada ya kugongwa kwa saa tano na mashine, uso wa mianzi ulifikia mara mbili ya ule wa wilo iliyokandamizwa kwa rola. Mahali patamu palikuwa pakubwa zaidi, karibu zaidi na ncha, na pakirudisha pigo vizuri zaidi kwa asilimia 19. Mtikisiko unaofika mkononi ulikaribiana na ule wa wilo, kwa hiyo mpigaji hasikii kigeni. Lile la mahali patamu kusogea chini lina maana kubwa uwanjani: mpira mgumu kuliko yote kuupiga ni ule unaotua karibu na vidole vya miguu ya mpigaji, na mara nyingi unagusa gongo chini kabisa.

Hesabu ya uzito, ambayo habari fupi iliiruka

Mianzi iliyogandishwa ina uzito wa karibu kilo 650 hadi 700 kwa mita ya ujazo. Wilo ya magongo iko kwenye kilo 400 na kitu. Ukichonga umbo lile lile kwa mianzi unapata gongo zito kwa theluthi moja hadi nusu zaidi. Ubao uliokuwa kilo moja unakuwa karibu kilo moja na nusu, na mpigaji anachelewa.

Jibu linalokuja haraka ni kupunguza unene, kwani mwanzi una nguvu mara tatu. Shah na wenzake nao walieleza matumaini ya ubao mwembamba zaidi. Ila hapa ndipo sifa mbili zinapogombana, na inabidi kwenda polepole. Nguvu inakuruhusu kupunguza unene bila kuvunja gongo. Ukakamavu unakukataza, kwa sababu ukakamavu wa ubao unafuata unene kwa namba ya tatu: ukipunguza unene nusu, ukakamavu unashuka hadi sehemu moja ya nane.

Tufanye hesabu. Chukua kwamba mianzi ni nzito mara 1.4 ya wilo. Ili uzito ulingane kwa kupunguza unene kila mahali, unene unabaki asilimia 71. Zidisha 0.71 kwa 0.71 kwa 0.71, unapata 0.36. Ongeza faida ya mianzi, 1.22, unapata 0.44. Gongo hilo lina uzito wa wilo na ukakamavu usiofika hata nusu ya wilo. Ile faida yote iliyotangazwa imekwisha, na zaidi ya hapo.

Kwa hiyo mbao haipunguzwi kila mahali. Inaondolewa pale ambapo haifanyi kazi ya kuzuia kupinda, yaani mabegani karibu na mpini na kwenye mashavu pande zote mbili za tuta, huku tuta la katikati likibaki refu. Ni kanuni ile ile inayofanya chuma cha umbo la I kibebe dari ya ghorofa kikiwa na uzito mdogo kuliko kipande kizima. Mwanzi unavumilia mashavu membamba ambayo kwenye wilo yangepasuka, na hapo ndipo nguvu yake ya mara tatu inapolipa. Kwa maoni yetu, anayetaka kufanya gongo la mianzi lichezeke aanze na umbo la mgongo. Aina ya gundi na aina ya mwanzi vitafuata.

Sheria nayo

Desemba 1979, mjini Perth, Dennis Lillee wa Australia aliingia uwanjani na gongo la alumini dhidi ya Uingereza. Nahodha wa wapinzani alilalamika kwamba linaharibu mpira, likaondolewa, na sheria zilizofuata zikasema wazi kwamba ubao uwe wa mti. Mianzi ilipotangazwa mwaka 2021, klabu ya MCC ya London inayotunza sheria za mchezo ilijibu kwa hoja mbili. Ya kwanza, mwanzi ni nyasi. Ya pili, hata ukihesabiwa kuwa mti, wakati huo ubao wa vipande vilivyogandishwa uliruhusiwa kwa magongo ya watoto tu. Hoja ya pili ndiyo nzito. Ile ya kwanza ni ya kibotania, na mpini wa henzirani unaokubalika tangu zamani nao hautokani na mti kama wilo, ni ndugu wa mnazi.

Mianzi ya kwetu na kazi ya karakana

Mlima Oldeani ulio Karatu unaitwa hivyo kwa Kimasai kwa sababu ya mianzi. Mwaka 2013 mwanabotania alipoipa mianzi ya milima ya Afrika jina jipya la kisayansi, Oldeania, alilichukua kwenye mlima huo. Mlima Meru nao una mianzi ya aina hiyo juu msituni. Kilimanjaro, jambo linalowashangaza wengi, hauna ukanda wa mianzi kama ule wa Meru. Mianzi ya hifadhini haikatwi. Inayopatikana kihalali ni ile iliyopandwa mashambani na kando ya vijito, na mingi ni ile minene, ya kijani au ya njano yenye mistari ya kijani.

Mwanzi huo wa mtoni una wanga mwingi, na wanga unaita mdudu. Unga mweupe unaoukuta chini ya kitanda cha mianzi ni kazi ya mbawakawa mdogo wa ukoo mmoja na dumuzi wa mahindi, yule wakulima wanayemwita Scania. Kata mianzi yenye umri wa miaka mitatu hadi mitano. Mchanga zaidi ya hapo una maji mengi na unasinyaa, mzee sana unakuwa mkavu na wa kukatika. Kupima wanga ni rahisi: nunua ayodini ya vidonda duka la dawa, dondosha kwenye sehemu iliyokatwa upya, na ikigeuka nyeusi yenye ubuluu ujue wanga umejaa.

Dawa ya kuzuia mdudu ni mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki. Kwa lita 100 za maji weka kilo 3 za boraksi na kilo 2 za asidi ya boriki, na maji ya moto yanasaidia kuyeyusha. Loweka vijiti vilivyokwisha kupasuliwa kwa wiki moja. Usiloweke mwanzi mzima, ganda la nje halipitishi dawa. Vaa glavu, na maji yaliyobaki usiyamwage kwenye mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia: boroni ikizidi huunguza majani ya mazao, na mfongo huo unapita kwenye migomba ya watu.

Anika kivulini, si juani, ukiinua vijiti juu ya ardhi na kuacha nafasi kati yake. Lengo ni unyevu wa asilimia 8 hadi 12. Kupima, kata kipande kidogo, kipime kwenye mizani ya gramu, kikaushe kwenye oveni nyuzi 103 hadi uzito usipungue tena, toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawa kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kijiti chenye asilimia 20 kikigandishwa na chenye 9, kile cha kwanza kitasinyaa ndani ya gogo na kuvuta gundi hadi iachie.

Kuranda kuna hesabu yake pia. Mwanzi wenye kipenyo cha sm 10 na ukuta wa milimita 8, ukitoa kijiti cha upana wa sm 2, mviringo unakula milimita 1 kabla kijiti hakijawa bapa, na ganda la nje pamoja na utando wa ndani vinakula nyingine 1 hivi. Unabaki na milimita 6. Ukitaka kijiti cha sm 3, mviringo peke yake unakula zaidi ya milimita 2. Mwanzi wa kipenyo kidogo ni mbaya zaidi. Na inauma kusema, lakini ganda la nje lazima litoke lote: lina nta na silika, gundi haishiki. Nyuzi zilizobanana kuliko zote ziko hapo hapo chini yake, kwa hiyo randa kidogo kidogo, na noa kisu mara kwa mara kwa sababu silika hiyo inakila.

Kwa ubao wa sm 60 kwa 11 kwa 6 unahitaji vijiti 66 vya milimita 20 kwa 5. Pishanisha vifundo ili visikutane mahali pamoja, kwani nyuzi hupinda pale kwenye kifundo na ndipo gogo linapoanza kuvunjika. Gandisha vijiti ndani ya siku moja baada ya kuranda, kabla uso haujaoksidika na kukusanya vumbi. Gundi nyeupe ya mbao inashika vizuri ikiwa kavu, lakini inalegea kwenye unyevu na joto. Epoksi, au gundi nyingine ya kuchanganya vimiminika viwili inayotumika kwenye mashua, inavumilia zaidi.

Shinikizo ndilo linalowashinda wengi. Kwa gundi nyingi za mbao mianzi inataka kilo 10 hadi 20 kwa kila sentimita ya mraba. Epoksi peke yake ndiyo inayoridhika na kidogo. Uso wa sm 60 kwa 11 ni sentimita 660 za mraba, yaani tani 6.6 kwa uchache. Jiliwa nne za seremala hazifiki hapo. Fremu ya chuma yenye jeki mbili za lori za tani 10, na bapa la chuma nene katikati ili mzigo usambae, inafika. Bana pande zote mbili kwanza kidogo, kisha juu, la sivyo vijiti vitateleza juu ya gundi mbichi na gogo litatoka limepinda kama ndizi.

Kabla ya kugandisha gogo zima, pima vijiti vichache. Weka kijiti cha milimita 20 kwa 5 juu ya chegamo mbili zilizo umbali wa sm 30, ning'iniza kilo 1 katikati, pima kimeshuka milimita ngapi. Gawa 26,500 kwa namba hiyo. Kikishuka milimita 2.4, ukakamavu wake ni karibu nyutoni 11,000 kwa milimita ya mraba. Namba inayohitajika si hiyo moja bali mtawanyiko: vijiti vinavyotofautiana kwa zaidi ya theluthi visikae kwenye gogo moja, na vilivyo vikakamavu zaidi vipelekwe kwenye uso wa mbele na kwenye kilele cha tuta, mbali na katikati.

Gongo likishachongwa, anza kuligonga kwa nyundo ya mbao, na usikilize. Sauti kavu ya juu ni gogo zima. Sauti ya chini yenye mtetemo kama wa kikapu ni vijiti vilivyoachana ndani. Kasoro huonekana kwanza kwenye ncha, kwa sababu ncha inagusa ardhi yenye umande, na dalili yake ni mstari mwembamba mweusi kati ya kijiti na kijiti. Kata sentimita mbili za ncha hiyo, ipasue kwenye mstari ule ule, uangalie pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa safi kama haujawahi kupakwa kitu, kosa ni ganda au nta iliyobaki wakati wa kuranda. Pande zote zikiwa na gundi inayong'aa kama kioo, shinikizo lilikuwa dogo au gundi ilishaanza kukauka kabla hujabana. Nyuzi zikiwa zimeng'oka pande zote mbili, gundi ilifanya kazi yake, na kilichoshindwa ni mwanzi wenyewe: rudi kwenye umri wa mmea na kwenye unene wa mashavu.